Faida na hasara za kuajiriwa na kampuni kubwa ya teknolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mhandisi wa programu, mchambuzi wa data, mbunifu au msimamizi wa bidhaa anayepima kama aingie kwenye kampuni kubwa, abaki, au atoke. Watu huzungumzia zaidi mshahara na ofisi nzuri. Yanayoamua kama mtu atafurahi au atajuta ni mengine: ratiba ya hisa, timu atakayopangiwa, meneja atakayemsimamia, na vipengele vya mkataba ambavyo wengi huvisoma siku wanayotaka kuondoka.

Kampuni "kubwa" ni ipi?

Ni ile ambayo hakuna mtu mmoja anayejua kazi zote zinazofanyika ndani yake. Mara nyingi ina maelfu ya wafanyakazi, hisa zake zinauzwa sokoni, ngazi za vyeo zimeandikwa, na bidhaa moja imegawanywa kwa timu nyingi. Google, Microsoft, Amazon, Apple na Meta ndizo zinazotajwa sana, lakini zipo nyingine nyingi zisizo na majina hayo zinazoendeshwa kwa mtindo huohuo.

Malipo yanahesabiwaje?

Kwa mafungu matatu: mshahara wa msingi, bonasi ya mwaka, na hisa. Wengine huongezewa la nne, fedha za kusaini mkataba. Mshahara ndio pekee wenye uhakika. Bonasi ni asilimia ya mshahara, inayopanda na kushuka kulingana na alama zako za tathmini na hali ya kampuni. Hisa ndizo zinazowachanganya watu, kwa hiyo tuzitazame kwa karibu.

Tuseme barua ya ajira inakuahidi hisa 400 kwa miaka 4. Hisa hizo si zako siku unayosaini. Zinaiva kidogokidogo. Ratiba iliyozoeleka ni hii: usipotimiza mwaka wa kwanza, hupati hata moja. Siku mwaka unapotimia, 100 zinaiva kwa mpigo. Kuanzia hapo zinaiva 25 kila baada ya miezi 3, mara 12, mpaka zifike 400. Ukiacha kazi mwezi wa 11, unaondoka mikono mitupu. Ukiacha mwezi wa 20, unazo 150.

Si kila kampuni inafuata ratiba hiyo. Amazon kwa miaka mingi imetoa asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 mwaka wa pili, kisha 40 mwaka wa tatu na 40 mwaka wa nne, na kuziba pengo la miaka miwili ya mwanzo kwa fedha taslimu. Anayelinganisha ofa mbili kwa kugawanya jumla kwa nne anajidanganya. Andika mwaka kwa mwaka, safu moja kwa kila kampuni.

Kwa nini watu husema kipato kinaporomoka mwaka wa tano?

Kwa sababu fungu la kwanza la hisa limekwisha. Tuendelee na mfano wetu: mbali na zile 400, kampuni inakuongezea hisa 40 kila mwisho wa mwaka, nazo zinaiva 10 kwa mwaka kwa miaka 4. Mwaka wa pili unapata 110, wa tatu 120, wa nne 130. Mwaka wa tano zile 400 zimekwisha, umebaki na mafungu manne ya 10, yaani hisa 40. Kazi ni ileile, cheo ni kilekile, lakini hisa zako zimeshuka kutoka 130 hadi 40. Muulize afisa wa ajira mapema: nyongeza ya hisa ya kila mwaka kwa mtu wa ngazi hii mwenye alama za kawaida ni kiasi gani? Hilo ni swali la haki, na jibu lake lina uzito kuliko bonasi ya kusaini.

Bei ya hisa ikishuka?

Kipato chako kinashuka nayo. Kwa kawaida idadi ya hisa hupangwa mwanzoni kwa bei ya wakati huo na haibadiliki. Mwaka 2022 hisa za Meta zilipoteza karibu asilimia 64 ya thamani, na za Amazon karibu nusu. Waliokuwa wameajiriwa bei ikiwa juu walijikuta wanalipwa kidogo kuliko barua ilivyosema, bila kosa lao lolote. Bei ikipanda, nawe unapanda nayo.

Ushauri wetu ni kuuza hisa zinapoiva, au angalau sehemu kubwa. Jiulize: ningepewa kiasi hiki taslimu leo, ningekwenda kununua hisa za mwajiri wangu? Wengi watajibu hapana, lakini hawauzi. Mshahara wako tayari unaitegemea kampuni hiyo. Akiba nayo ikiitegemea, siku mbaya moja inachukua vyote viwili. Angalia pia vipindi vya kufungwa: karibu na kutangaza matokeo ya robo mwaka, wafanyakazi wengi hawaruhusiwi kuuza wala kununua. Mwenye ada ya kulipa mwezi fulani apange mauzo kabla dirisha halijafungwa.

Kodi nayo ina mtego. Hisa inapoiva, thamani yake ya siku hiyo inahesabiwa kama mshahara, na kampuni huuza sehemu ili kuilipa. Ndiyo maana zinaiva 25 lakini kwenye akaunti unaona 16. Nchini Marekani makato hayo ya papo kwa papo kwa kawaida ni asilimia 22 kwa kodi ya shirikisho. Mtu ambaye kiwango chake halisi ni 32 au 35 hudaiwa tofauti wakati wa kuwasilisha hesabu za mwaka, na kama alishatumia fedha zote, hapo ndipo anapokopa.

Nitajifunza nini ambacho kampuni ndogo haiwezi kunifundisha?

Ukubwa wenyewe. Google, kwa mfano, imeeleza kwamba Januari 2015 hazina yake moja ya msimbo (maandishi ya programu) ilikuwa na takriban mistari bilioni 2, ikitumiwa na maelfu ya wahandisi kwa pamoja. Huwezi kufanya kazi ndani ya kitu kama hicho bila nidhamu ya majaribio, umiliki na ukaguzi, na nidhamu hiyo huingia mwilini.

Tazama safari ya badiliko la mstari mmoja. Unaandika mstari, pamoja na jaribio la kuthibitisha kwamba unafanya kazi. Mashine zinaendesha majaribio ya kila kinachotegemea faili hilo. Linaweza kuvunjika jaribio la timu usiyoijua. Mwenye faili anakagua, anauliza kwa nini usitumie njia iliyopo, unarekebisha. Likikubaliwa, linaenda kwanza kwa asilimia 1 ya watumiaji. Unasubiri saa kadhaa ukiangalia grafu za makosa na kasi. Kisha 10, kisha 50, kisha wote. Mstari uliouandika kwa dakika 5 umechukua siku 3. Wageni huona huo ni urasimu, na baadhi yake ni urasimu kweli. Lakini huduma ikiwa na watumiaji bilioni 1, kosa linalomgusa mtu 1 katika 10,000 limewagusa watu 100,000.

Faida kubwa hapa ni ukaguzi wa msimbo. Kusomwa na mtu mwenye uzoefu wa miaka 15 kila siku ya kazi ni shule ambayo huwezi kuinunua. Ukipata timu ambayo wakaguzi huandika "sawa" bila kusoma, umekosa nusu ya sababu ya kuwa hapo.

Je, ujuzi huo unahamishika?

Sehemu. Namna ya kufikiri, kuandika hati ya usanifu, kuchunguza hitilafu na kupanga badiliko kwa hatua, hivyo unaondoka navyo. Zana za ndani zinabaki. Kampuni kubwa nyingi zimejijengea mifumo yao ya kujenga programu, kuhifadhi data na kuendesha seva, na mtu akikaa humo miaka 6 anaweza kutoka akiwa hajui zana ambazo dunia nzima inatumia. Baadhi ya zana hutoka nje kwa sura mpya: Kubernetes, zana ya kuendesha programu kwenye seva nyingi iliyotangazwa mwaka 2014, ilijengwa kwa uzoefu wa mfumo wa ndani wa Google uitwao Borg. Lakini usisubiri. Tenga saa chache kila mwezi ujenge kitu kidogo kwa zana za wazi, mwanzo hadi mwisho, ukipeleke hewani mwenyewe.

Kuna udhaifu mwingine usiosemwa sana. Kwenye kampuni kubwa unaweza kuwa bingwa wa kipande kimoja, labda kitufe cha malipo au foleni ya ujumbe, bila kujua vipande vingine vinaunganaje.

Kupanda ngazi kunakwendaje?

Ngazi zina namba na maelezo ya maandishi. Google, kwa mfano, humwanzisha mhandisi mhitimu kwenye L3, na L5 ni mhandisi mwandamizi. Kampuni nyingi zina ngazi ambayo ukiifikia unaweza kukaa hapo mpaka ustaafu bila kuulizwa. Chini yake unatarajiwa kupanda ndani ya muda fulani. Ukidumaa, tathmini zinaanza kukuuma.

Kinachokupandisha ni ushahidi kwamba tayari unafanya kazi ya ngazi ya juu, kwa kawaida kwa miezi 6 au zaidi. Na ushahidi husomwa na watu wasiokufahamu. Hapo ndipo wachapakazi wengi wanapokwama: wamezima moto, wamesaidia wenzao, wamesafisha msimbo wa zamani, na hakuna palipoandikwa. Fungua hati moja siku ya kwanza. Kila Ijumaa tumia dakika 10 kuandika ulichofanya, namba iliyobadilika (muda wa kujibu ulishuka kutoka milisekunde 900 hadi 300, tiketi za malalamiko zilipungua kwa nusu), na jina la mtu anayeweza kuthibitisha. Msimu wa tathmini ukifika, wewe unachagua cha kuweka wakati wengine wanakuna vichwa.

Mfumo huu una ubaya wake. Unawatuza wanaozindua vitu vipya kuliko wanaotunza vilivyopo, na ndiyo maana bidhaa nzuri huachwa zikaoza huku mpya inayofanana nayo ikizinduliwa. Ukiwa mtu wa kupenda matunzo, tafuta timu ambayo kazi yake rasmi ni hiyo.

Zamu ya dharura ni nini, na inaumiza kiasi gani?

Ni wiki ambayo simu yako ndiyo inayolia mfumo ukianguka. Saa 9 usiku inalia: makosa yamepita kiwango. Unafungua kompyuta, unathibitisha umepokea, unatazama grafu, unaona makosa yalianza dakika 4 baada ya toleo jipya kusambazwa. Unarudisha toleo la zamani, unasubiri mstari ushuke, unaandika maelezo mafupi ya mtu wa asubuhi. Saa 10 na nusu unarudi kulala, usingizi umeshapaa.

Kwa huduma nyeti unatakiwa kujibu ndani ya dakika 5, kwa nyingine dakika 30. Wahandisi wa Google wanaoshughulikia uimara wa mifumo wameandika kwamba timu ya sehemu moja inahitaji angalau watu 8 ili zamu zisiwachoshe, na kwamba matukio yasizidi 2 kwa zamu ya saa 12. Tumia namba hizo kama kipimo. Timu yenye watu 4 na simu 15 kwa wiki haina bahati mbaya ya muda. Ina mfumo mbovu ambao hakuna aliyepewa nafasi ya kuutengeneza. Uliza pia kama zamu inalipwa. Baadhi hulipa au kutoa siku ya mapumziko, nyingine huihesabu kuwa sehemu ya mshahara.

Nikiwekwa kwenye mpango wa kuboresha utendaji, nifanye nini?

Huo ni waraka anaopewa mfanyakazi anayeonekana kufanya kazi chini ya kiwango, wenye malengo na muda, mara nyingi siku 30 hadi 90. Wapo wanaoupita, lakini anayeupokea aanze kutafuta kazi siku hiyohiyo, huku akitimiza malengo kwa maandishi. Soma kila lengo: linapimika? Lisipopimika, omba kwa barua pepe liandikwe upya. Uliza kama kuna chaguo la kuondoka kwa malipo. Kampuni kadhaa hulitoa, na muda wake wa kuamua ni mfupi. Usisaini kuachia haki zako kabla mwanasheria wa kazi hajasoma.

Zamani kampuni nyingi ziliwapanga wafanyakazi kwa lazima, kila timu itoe wa mwisho hata kama wote wamefanya vizuri. Microsoft iliuacha mtindo huo Novemba 2013. Kwingine umebaki kwa jina jingine, kama asilimia ambayo idara inatarajiwa kufikia.

Kazi ni salama?

Ilidhaniwa hivyo mpaka mwishoni mwa 2022. Novemba mwaka huo Meta ilipunguza watu zaidi ya 11,000, karibu asilimia 13. Januari 2023 Google ilitangaza takriban 12,000, Microsoft 10,000, na Amazon zaidi ya 18,000. Waliokwenda hawakuwa wazembe peke yao: walikuwemo watu wenye alama za juu ambao mradi wao ulifutwa.

Tofauti na kampuni ndogo ni namna ya kuagana. Meta na Google walitangaza kwa wafanyakazi wao wa Marekani wiki 16 za mshahara pamoja na wiki 2 kwa kila mwaka wa utumishi. Kampuni changa iliyoishiwa fedha huenda isikulipe hata mwezi wa mwisho. Kwa hiyo sema hivi: kazi yenyewe si salama, bali anguko lina godoro. Weka akiba ya miezi 6 ya matumizi uliyoihesabu kwa mshahara wa msingi pekee, hisa usizitie.

Mgeni anayefanya kazi Marekani kwa viza ya H-1B, inayomfunga kwa mwajiri, ana saa yake nyingine: kazi ikikoma anapewa hadi siku 60 za kupata mwajiri mpya, kubadili hadhi au kuondoka. Kwake akiba pekee haitoshi. Wasifu wa kazi uwe tayari muda wote, na hati zote za viza azihifadhi nje ya kompyuta ya kampuni, kwa sababu siku ya kupunguzwa kompyuta hiyo hufungwa kabla ya kusoma barua.

Naruhusiwa kuwa na mradi wa pembeni?

Soma kipengele cha umiliki wa uvumbuzi. Mikataba mingi huipa kampuni haki juu ya unachobuni kinachohusiana na biashara yake, na biashara ya kampuni kubwa inagusa karibu kila kitu. California ina sheria inayomlinda mfanyakazi aliyebuni kwa muda wake na vifaa vyake mwenyewe, lakini hata hiyo haimlindi kama ubunifu unahusiana na biashara ya mwajiri. Kanuni tatu: usitumie kompyuta ya kampuni hata kwa dakika 1, usifanye saa za kazi, na omba idhini ya maandishi kabla hujachapisha. Ukiomba baada ya mradi kupata watumiaji, unaomba ukiwa huna nguvu.

Kuna tofauti gani kati ya mwajiriwa na anayeletwa na wakala?

Kubwa kuliko inavyoonekana. Mnakaa meza moja, kitambulisho kina rangi tofauti, na yeye hana hisa, bonasi wala bima ileile. Wafanyakazi wa namna hiyo waliishitaki Microsoft kwa kukaa miaka kama vibarua wakifanya kazi ya waajiriwa, na mwaka 2000 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 97 kumaliza shauri. Ukipewa kazi ya wakala kwa ahadi kwamba "baadaye utaajiriwa", uliza wangapi wameajiriwa kwenye timu hiyo mwaka uliopita, na kikomo cha mkataba ni lini.

Niulize nini kabla ya kusaini?

Mwombe afisa wa ajira akukutanishe na meneja na angalau mfanyakazi mmoja wa timu husika, si wa timu "inayofanana". Kampuni moja inaweza kuwa na timu ya kufurahisha ghorofa ya tatu na timu ya kuumiza ghorofa ya nne. Meneja muulize ana muda gani hapo na nani amepandishwa chini yake. Mfanyakazi muulize simu ya dharura ililia mara ngapi mwezi uliopita, na mara ya mwisho badiliko dogo lilichukua siku ngapi kufika kwa watumiaji. Anayejibu kwa namba anaifahamu timu yake. Anayejibu "tuna utamaduni mzuri sana" hajakujibu.

Ahadi ya kufanyia kazi nyumbani ipate kuandikwa, na hata ikiandikwa uijue kuwa inabadilika: Amazon iliwataka wafanyakazi wa ofisini warudi siku 5 kwa wiki kuanzia Januari 2025.

Na jadili ngazi kabla ya fedha. Mshahara ulioupata pungufu unaweza kurekebishwa. Kuingia ngazi moja chini kunaweza kukugharimu miaka 2.

Nimeamua kuondoka. Nipange vipi tarehe?

Weka kalenda mbele yako na uandike tarehe nne: hisa zinapoiva, bonasi inapolipwa, fedha ya kusaini inapoacha kudaiwa (kwa kawaida baada ya miezi 12, ukitoka kabla unairudisha), na dirisha la kuuza linapofunguliwa. Bonasi nyingi zinadai uwe bado mwajiriwa siku ya malipo, kwa hiyo toa taarifa baada ya fedha kuingia benki, si baada ya kuambiwa kiasi. Baadhi ya kampuni humtoa mtu saa ileile anapotoa taarifa, hivyo usitegemee kwamba wiki 2 za taarifa zitakufikisha kwenye siku ya hisa kuiva.

Kabla ya kuandika barua, hakikisha una nakala za mkataba, hati za malipo na maelezo ya hisa, na kwamba akaunti ya hisa inafunguka kwa barua pepe yako binafsi. Usichukue msimbo wala hati za kazi, hata ulizoandika mwenyewe. Ile hati yako ya kila Ijumaa iandike upya kwa kumbukumbu, ukiacha siri za kampuni na kubakiza ulichofanya.